Jengo Zima

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila mama yako amenuna kwa kuwa hupigi simu.

Nimepewa kazi ya kubadilisha taa za ukuta wa nje wa lile ghorofa unaloliwasha na kulizima kwa intaneti ukiwa huko mbali. Ijumaa nitaning'inia kwenye jukwaa la kamba. Mwanzoni nilifurahi, baba na binti kazi moja! Kisha jioni nikaziona zinawaka zenyewe, furaha ikaisha. Swichi kuu imefungiwa chumbani na meneja anatembea na ufunguo, ati nikiigusa lifti zitasimama. Naogopa, mwanangu. Nyaya zitakuwa mikononi mwangu, na kidole cha kuwasha ni chako.

Baba yako

Jumanne, tarehe 5

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona. Mwambie mama nampigia leo, aache kununa, atazeeka bure.

Hata mimi naogopa. Hilo jengo sijawahi kuliona. Kwangu ni vijumba vya rangi kwenye skrini, na mtu akiwa pale simwoni. Basi tufanye hivi: Ijumaa nazima kila kitu kabla hujapanda, na siwashi hata moja mpaka uniandikie. Ukimaliza, niambie niwashe upande gani, ujaribu. Vaa glavu, tafadhali.

Mwanao

Ijumaa, tarehe 8, jioni

Binti jengo zima

Baba

Ijumaa, hiyohiyo

Pole na kazi, Baba! Nimewasha jengo zima kama ulivyosema. Huku vijumba vyote vimekuwa vya kijani. Zinapendeza?

Mwanao

Ijumaa, bado

Baba, mbona kimya? Nimeusoma tena ujumbe wako. Ulikuwa unaniambia nizime? Nimezima, Baba. Zote. Nakupigia, hupatikani. Mama sijathubutu kumwambia. Niandikie hata herufi moja. Mungu wangu, nimefanya nini?

Mwanao

Jumamosi, tarehe 9

Mwanangu,

Hujambo? Nipo, usilie. Hii ni simu ya mama yako.

Nilifungua taa moja nikakuta bado ina umeme, nikadhani kuna upande umeusahau kuzima. Nikavua glavu nikuandikie uzime jengo, mkono mmoja umeng'ang'ania kamba, nukta nitaitoa wapi? Kabla sijarudisha simu mfukoni, ukuta wote ukawaka usoni pangu. Simu ikaniponyoka hadi chini. Ningekuwa nimeshika waya, usingekuwa unasoma haya. Watu barabarani wakapiga makofi, wakadhani ni maonyesho, na mimi huku juu nimekumbatia chuma nalia kama mtoto.

Si kosa lako. Lakini meneja anataka nimalizie Jumatatu, na ufunguo hatoi.

Baba yako

Jumapili, tarehe 10

Baba, shikamoo.

Nimelia, nimeshukuru, nimelia tena. Kitufe kile sikigusi ukiwa juu, hata uniandikie kwa wino wa dhahabu. Nipo kwenye basi, nafika kesho mchana. Nitasimama mwenyewe mlangoni pa chumba cha swichi mpaka kifunguliwe. Usipande kabla sijakuona kwa macho yangu. Nakuomba, Baba.

Mwanao

Jumatatu, tarehe 11

Mwanangu,

Marahaba. Meneja anafoka, anasema nikizidi kuchelewa ataita fundi mwingine. Nimemwambia kama ana haraka, jukwaa lile pale, apande yeye. Hakupanda.

Naogopa kukosa kazi, lakini lile jukwaa naliogopa zaidi. Nipo getini, nimekalia mkoba wa vifaa. Ukishuka kwenye basi, pitia hapa kwanza.

Baba yako