Matanga ya Baba Hayajaanuliwa

Kibondo,
Jumapili, mwezi wa tisa.

Kaka yangu mpendwa Fidele,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu Nadine na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Manyovu, na kile kikohozi alichokuwa nacho mdogo wakati wa Pasaka kiwe kimeshasahaulika. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Nilikuwa Kasulu kwa Mama wiki iliyopita. Magoti yanamsumbua kama kawaida yake, na kama kawaida yake anasema hayamsumbui. Maharage amevuna vizuri, ila tumbili wamemlia mahindi mpaka amechoka kuwatukana.

Najua unajiuliza kwa nini barua, zama hizi za simu. Kaka, nimekupigia mara ngapi mwezi huu? Kila nikitaja Baba, mtandao wa Manyovu unaharibika ghafla. Barua huwezi kuikata. Nimempa Yusta, yule jirani yangu anayekuja kuuza dagaa sokoni kwenu, na nimemwambia akukabidhi ukiwa peke yako. Nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama utakasirika katikati.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kumpikia Daktari Haidari wa hospitali yetu hapa. Ni mtu wa Tanga, mpole, ana wazimu mmoja tu, nao ni ndege. Alikuwa ameitunza likizo yake ili aingie hifadhini Moyowosi na mkewe, Mwanaamina, wakamtazame yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Dereva wa hifadhi alikuwa Mjomba Laurent, na ni yeye aliyesema kuwa mpishi lazima niwe mimi. Nilifurahi, nikadhani ananitafutia riziki. Unajua anastaafu mwisho wa mwaka huu, na ile ilikuwa safari yake ya mwisho ya kwenda kule mbali.

Kijiji cha mwisho kilipoisha, barabara nayo iliisha, zikabaki alama mbili za matairi katikati ya miombo. Mbung'o walitushukia kwa fujo, tukafunga vioo vyote tukawa tunaiva humo ndani kama viazi. Mwanaamina alisema kwao hata mbu wana adabu kuliko hawa. Tulicheka wote, isipokuwa Mjomba. Wewe unamjua anavyopenda utani. Safari hii alikuwa kimya, ameushika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi, na nilipomuuliza kama anaumwa alinijibu kwamba anasikiliza gari.

Kesho yake miombo ilikwisha tukatokea kwenye mbuga. Sijawahi kuona nchi imelala namna ile, Fidele. Mivumo michache, ile miti mirefu kama minazi, imesimama, vichuguu vikubwa kama nyumba, nyamera wanakula, na mbele kabisa ukuta wa mafunjo unaokwenda mpaka macho yanachoka. Udongo ni mweusi, juu umekauka na kupasuka, ila chini yake ni uji mtupu. Mjomba aliteremka akapunguza upepo wa matairi, akavua viatu, akatangulia kwa miguu kuikanyaga njia kabla ya kulipitisha gari. Kisha akarudi, akaingiza magurudumu yote manne kazini, tukaenda polepole huku gari likilia. Pamoja na hayo yote tulizama. Tope lilifika milangoni. Daktari mwenyewe alishika koleo akachimba mpaka shati likabadilika rangi, Mwanaamina na mimi tukakata matawi ya kutandika chini ya matairi, na jeki ikawa inadidimia badala ya kunyanyua. Mwishowe tulitoka.

Ndege tulimwona. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi pembeni ya mafunjo, hatikisiki, na nzohe mmoja, yule swala wa majini, alipita nyuma yake akiwa amezama hadi kifuani. Daktari alilia, kaka. Mtu anayepasua watu matumbo alilia kwa ajili ya ndege. Wakati yeye na mkewe wakiwa wametega darubini zao, Mjomba akaniambia nimfuate, tukatafute njia kavu ya kurudia.

Tulitembea mpaka kwenye kichuguu kimoja kirefu chenye mvumo ubavuni. Pale ardhi imeinuka kidogo, maji ya masika hayafiki. Mjomba akavua kofia. Nilidhani anajipepea. Kisha nikaona chini ya kichuguu mahali palipofyekwa nyasi, na mzinga wa nyuki, wa gogo, umesimamishwa wima kichwani kama watu wanavyosimamisha msalaba. Mzinga umeoza nusu. Lakini ile alama ya mistari miwili inayokatana, ambayo Baba alikuwa akiichoma kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga wake, sisi tukiwa tumechuchumaa tunapiga chafya kwa moshi, ilikuwa bado ipo. Nilikaa chini.

Baba hakuvuka mpaka, Fidele. Hakwenda Burundi. Hakuna mwanamke wa Makamba wala watoto wengine. Baba yetu, Manirambona, amelala chini ya kile kichuguu tangu mwaka ule ule aliopotea.

Mjomba alinieleza akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Alisema waliingia wawili, yeye na Baba, kurina asali bila kibali, kwa sababu mwaka ule mvua ilikuwa imeharibu kila kitu shambani. Baba alipanda kwenye mzinga mmoja ambao nyuki walikuwa wameuhama, akaingiza mkono, na ndani alikuwa amelala nyoka. Mjomba alimbeba mgongoni kuelekea kwenye miti, lakini jua halikuzama Baba akiwa hai. Alimchimbia kaburi kwa panga na kwa mikono yake. Alisema maneno ya mwisho ya Baba yalikuwa juu ya karatasi za uraia, kwamba zisije zikaharibika kwa ajili yake. Unakumbuka wakati ule tulivyokuwa tunazisubiri, sisi familia za wakimbizi wa Burundi, na jinsi kila mtu alivyoogopa hata kugombana na jirani asije akaandikwa jina. Mjomba aliogopa kwamba akisema walikuwa ndani ya hifadhi, yeye atafungwa na sisi wote tutakataliwa. Basi akanyamaza, na mtaa ukajitungia hadithi yake, kwamba Baba amevuka mpaka kumfuata mwanamke.

Nilimchukia pale pale, sikufichi. Nilimwambia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Aliinama akang'oa majani machache yaliyochipua kaburini, na hapo ndipo nilipoelewa nani amekuwa akipafyeka miaka yote hii, kila anapopeleka wageni.

Nilipotoka hifadhini nilikwenda moja kwa moja Kasulu. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumweleza Mama bila kumuua. Nilimkalisha, nikamshika mikono, nikaanza mbali, nikasimulia mbung'o, nikasimulia tope, nikasimulia ndege. Nilipofika kwenye kichuguu, kabla sijasema kuna nini pale, Mama aliniuliza kama ule mvumo bado umesimama au umeanguka.

Alijua, kaka. Mjomba alikwenda kwake kwanza, siku ile ile aliyotoka porini, na tope la kaburi likiwa bado kwenye kucha. Mama ndiye aliyemwambia anyamaze. Alisema alitazama watoto wake na karatasi ambazo hazijatoka, akaamua kwamba mmoja ameshakufa na inatosha. Karatasi zilipotoka, Mjomba alikuwa ameshaajiriwa kule kule hifadhini, na wewe ulikuwa umeshaondoka nyumbani kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia hata wewe, mwanawe mkubwa. Akasema anakujua. Akasema ungeingia kwenye yale mafunjo siku hiyo hiyo kwenda kuileta mifupa ya baba yako, na yeye asingeweza kusubiri wawili.

Sasa uelewe kwa nini hajawahi kukanyaga harusi ya mtu, hata yako, ukamnunia mwaka mzima. Matanga ya mumewe hayajaanuliwa. Angewezaje kuitisha kuganduka, aanue matanga ya mtu ambaye kijiji kizima kinasema yu hai anakula raha ng'ambo? Alikaa na msiba wake peke yake, na sisi tukiwa humo humo ndani. Ile siku uliyomwambia mbele ya wageni kwamba anamlilia mwanamume aliyemkimbia, alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza, akaenda kukuletea chakula.

Na mimi pia ninajua jambo lako moja ambalo hujawahi kunieleza. Ulisema unakwenda Manyovu kufuata biashara. Lakini nilipokutembelea niliona unavyoacha wateja wako wamesimama kila basi la kutoka ng'ambo likisimama, unavyowatazama wanaume wazee wanapoteremka, mmoja mmoja. Unaweza kuacha kuwatazama sasa.

Mama amepanga kuganduka kufanyike Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika. Pombe ya ndizi ameshaiagiza. Mjomba atasimama mbele ya watu aeleze yote kwa mdomo wake, na amesema akimaliza hapo atakwenda kwa wakubwa zake hifadhini aeleze na huko, litakalompata limpate. Mtoto mkubwa ndiye anayekunywa kwanza na kulitaja jina la marehemu, hilo unalijua. Bila wewe hakuna kitakachofanyika.

Sasa nikiri kosa langu. Mama alinikataza kabisa kukuandikia haya. Alitaka akuite kwa jambo jingine, akueleze mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake. Nilimwahidi kwamba sitakuambia, na nimemdanganya mama yangu kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Nimefanya hivyo kwa sababu ninakufahamu, ungepiga magoti pale chini umwombe msamaha, na yeye angeanza kukubembeleza wewe, na kilio kingekuwa chako tena. Amebembeleza watu vya kutosha. Kwa hiyo lia huko huko, kaka yangu. Nadine akushike. Lia mpaka uishe. Halafu uje Kasulu na macho makavu, ukae karibu yake, umwache alie yeye.

Nisalimie watoto, na umwambie wifi vitenge alivyonitumia vimenipendeza kuliko yeye mwenyewe. Mungu awalinde njiani mtakapokuja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aline Manirambona