Kovu Juu ya Jicho la Kushoto

Tarehe 12 ya mwezi wa Pauni, mwaka wa kwanza wa Kaisari

Kwa mdogo wangu Taesi, Aleksandria.

Kabla ya yote nakuombea afya. Kila siku nakutaja mbele ya bwana Serapisi, mungu wetu, ingawa najua utakunja uso ukisoma hapa. Sisi hatujambo. Mama bado anagombana na bata wa jirani. Wewe je, mgongo umepona, au bado unainamia kitanda cha kufumia tangu alfajiri?

Amri ya Kaisari imefika kijijini. Kila mtu atoe sadaka kwa miungu, aonje nyama, apewe cheti. Asiye na cheti anafungwa. Karani ni mimi, nimeandika mpaka vidole vimevimba. Nikakukumbuka wewe na Kristo wako, nikasema huyu mwenye kichwa kigumu atakufa bure. Basi nimekuandikia cha kwako, kana kwamba ulikuja kutusalimia ukatoa sadaka hapa: “Taesi binti Pasioni, umri miaka thelathini, ana kovu juu ya jicho la kushoto.” Kovu nalijua, si ndilo nililokutia kwa jembe tulipokuwa watoto? Wakaguzi wa sadaka walikuwa wameshashiba bia, wakatia sahihi bila kuuliza. Cheti anakuletea Petosiri, nahodha wa mashua ya nafaka. Ukiulizwa, kionyeshe, unyamaze.

Kaka yako,
Horioni

Tarehe 9 Epifi

Kwa kaka yangu Horioni.

Salamu nyingi katika Bwana. Mimi mzima, mgongo nao haujambo. Nibusie Mama, na umwambie bata hawajawahi kumshinda.

Cheti nimekipokea, na nimekichoma chini ya chungu cha dengu. Usikasirike. Najua ulichoandika umekiandika kwa kunipenda, ndiyo maana nililia kwanza, hasira zikaja baadaye. Lakini, kaka, umeandika kwamba nimemkana Bwana wangu, nami sijamkana. Hukuniuliza hata kidogo. Nakala iliyobaki ofisini kwako itoe. Nakuomba.

Mdogo wako,
Taesi

Tarehe 2 Mesori

Kwa mdogo wangu Taesi.

Nakuombea afya mbele ya Serapisi, upende usipende. Mama anakohoa kidogo, si jambo la kutisha.

Nakala haitoki. Zote zimeunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, na chako ni cha arobaini na tatu. Nikikibandua pengo litaonekana, na orodha ya majina imeshapelekwa huko mjini kwenu. Nikisema nilidanganya, shingo yangu itaondoka pamoja na za wakaguzi. Acha utoto. Ni wino tu. Nani amewahi kufa kwa wino?

Kaka yako,
Horioni

Tarehe 20 Thothi, mwezi wa kwanza wa mwaka wa pili

Kwa kaka yangu Horioni.

Salamu katika Bwana. Mama anaendeleaje na kikohozi? Mimi naumwa moyo tu.

Tulikamatwa wanne tukiwa kwenye sala, nyumbani kwa bibi Heraisi, yule mjane aliyenifundisha kusoma. Gerezani tuliahidiana kwamba hatutaachana. Ilipofika zamu yangu, karani akafungua orodha, akasoma jina langu, akaja kunitazama usoni. Hakimu akasema, “Mama, wewe umeshatoa sadaka kwenu. Unanipotezea wakati wa nini? Nenda nyumbani.” Nikasema ni uongo. Akacheka. “Na hilo kovu nalo ni la uongo?” Askari wakanisukuma nje. Bibi Heraisi alinitazama, kisha akageuza uso. Wote watatu waliuawa siku ile ile. Bibi amekufa akidhani nilimdanganya.

Sasa ndugu wa kanisa wameniweka mlangoni pamoja na walioanguka kwa kutoa sadaka, na mkate wa Bwana sipewi. Mzee wa kanisa ameniambia, “Binti yangu, mimi nakuamini. Lakini cheti kina sahihi tatu, na wewe una mdomo mmoja. Aliyekiandika aseme.” Ameahidi kuisoma barua yako kwa ndugu na kuichoma papo hapo. Kaka, ni mstari mmoja tu kwa mkono wako: Taesi hakutoa sadaka, mimi niliandika. Mashua ya Petosiri inarudi mwisho wa mwezi. Nitaingoja bandarini.

Mdogo wako,
Taesi

Tarehe 3 Tobi

Kwa mdogo wangu Taesi, popote ulipo.

Leo sikuulizi afya, wala sikutaji mbele ya Serapisi. Hapa kwetu waliofiwa huwaandikia wafu wao barua, wakaziacha kaburini. Mimi kaburi lako silijui.

Mashua iliondoka mara tatu bila barua yangu. Mara ya kwanza nilisema mkaguzi wa wilaya yuko kijijini. Mara ya pili nilisema nina homa. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaiandika, nikasikia watu wakipita barabarani, nikairudisha sandukuni. Niliogopa, ndugu yangu. Sina neno jingine la kuweka hapo. Safari ya nne nikampa Petosiri. Jana amenirudishia, muhuri haujavunjwa.

Alikaa, nikamwekea bia, akaikataa. Hapo nikajua.

“Karani,” akasema, “dada yako alikuja bandarini kila tulipotia nanga. Anauliza, kaka hajakupa kitu? Namjibu hajanipa. Anasema, basi ana kazi nyingi. Safari hii sikumwona, nikaenda kuuliza kwa wafumaji wenzake.”

Walimwambia kwamba ulirudi mwenyewe kwa hakimu, ukasema cheti kile ni cha uongo. Hakimu akasema, “Nitajie aliyekiandika, nami nitakuachia uende zako.” Ukanyamaza. Akauliza mara ya pili, na ya tatu, ukawa kimya mpaka walipokuchukua.

Nilikuambia unyamaze. Maishani mwako umenitii mara moja tu, na ni hapo.

Mama anauliza kwa nini huandiki. Bado sijamwambia.

Leo nimefungua nakala mpaka ya arobaini na tatu. Sikuibandua. Barua hii nimeibandika kwenye ukingo wake wa chini, ili atakayesoma ile asome na hii. Mkaguzi wa wilaya anakuja kesho kutwa, naye husoma zote, moja baada ya nyingine.

Taesi binti Pasioni, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, hakutoa sadaka. Mimi niliandika.

Kaka yako,
Horioni