Mzee, Wewe Hukulia, Ulivunja

Mpendwa Mzee wangu wa dukani,

Tangu tukuzike nimekosa mtu wa kuzungumza naye Kiswahili kile chako cha taratibu, ulichojifunza Mbeya ujanani ukijenga reli. Siku nilipoingia na cherehani yangu katika duka lako la vitambaa hapa Marshalltown, mimi mkimbizi kutoka Bukavu, uliniambia, "Karibu, binti. Kaa penye mwanga." Sikutegemea Mchina aniite binti Johannesburg.

Kisha majambazi wakaja mchana kweupe, wakampiga risasi Wei, mwanao wa pekee, mbele ya macho yako na ya mkeo. Mimi nilikuwa chini ya meza. Damu yake ililowesha majora, nawe ulimkandamiza kifua kwa mikono miwili ukidhani utaizuia.

Mkeo, Mama Wei, akalala kitandani asitoke. Alilalamika kifua, mgongo, kichwa, na kila daktari alisema haoni ugonjwa. Wanawake wa kwenu walimletea supu, wakamkanda miguu, wakalia naye. Wewe hakuna aliyekuletea hata chai, maana ulikuwa unapiga. Ulimpasua mteja mdomo kwa kuuliza bei mara mbili. Uliukata mlango wa stoo kwa shoka. Ulimtupia Mama Wei bakuli, likamchana paji la uso, kisha ukatoka ukaupiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba. Watu wakasema mzee yule ana roho mbaya.

Asubuhi moja ulianza kuvunja vioo vya wateja kujitazamia, kimoja baada ya kingine. Nilishashika mkoba wangu, nisirudi tena. Ndipo Mama Wei akashuka ngazi peku, akapita juu ya vipande, akakuangusha chini kwa makofi na ngumi, akaendelea kukupiga huku akiita jina moja tu, la Wei. Hukuinua mkono. Nilimvuta kiunoni, nyayo zake zikichuruzika damu.

Kliniki nilikuwa mkalimani wako. Muuguzi alipomaliza kumshona Mama Wei nyayo, alikuuliza kama huwa unalia. Ulifikiri sana.

"Mimi silii," ulijibu. "Mimi navunja."

Nilipomtafsiria, akasema, "Mwambie huko ndiko kulia kwake. Ni mgonjwa kama mkewe."

Ulilitazama kovu la bakuli kwenye paji la Mama Wei, ukafunika uso. Mkaanza matibabu wote wawili. Hasira haikuisha, lakini ilipokupanda ulitoka nje, naye akakufuata, mkakaa ngazini pamoja. Mliishi hivyo mpaka moyo wako uliposimama.

Jana mume wangu, anayelinda jengo huku Yeoville, alirudi kutoka kazini akaupiga mlango teke mpaka bawaba zikang'oka, kisha akaanza kupasua sahani. Kwanza niliwapeleka watoto kwa jirani. Halafu nikarudi, nikasimama mlangoni.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

Alikuwa ameinua kiti. Akakishusha polepole.

"Mama," akasema. "Wamempiga risasi shambani, kule kwetu."

Leo asubuhi amekubali twende kliniki pamoja. Pumzisha mikono yako, Mzee.

Binti yako wa cherehani