Chupa Yako ya Sharubati Iko Kwenye Pikipiki

Birthe,

Usiwashe mashine ya kufulia, mpira wake wa kutolea maji nimeukata. Asubuhi injini ya pikipiki ilitema tena oili kwenye boksi la kichujio cha hewa, moshi ukaangusha shakwe wawili, nawe ukapiga kelele: "Babu, ikifuka tena naiuza!"

Bila pikipiki nitakaa dirishani nikihesabu kondoo wa jirani Poulsen mpaka nife. Kwa hiyo oili sasa inapita kwenye mpira huo hadi chupa yako ya sharubati, niliyoishindilia waya wa kusugulia masufuria ili inase oili isifike kwenye boksi.

Naijaribu hadi kivukoni. Nitarudi ~~saa sita~~ saa nane. Nisipoonekana, njoo na gari na kamba.

Boksi likilowa oili tena, ufunguo wa pikipiki nitakupa mwenyewe uiuze. Ila kiti cha dirishani nataka kile chenye mto.

Babu