Programu Isiyo na Mlango wa Kutokea

Declan, nakuandikia kwa simu. Nimenaswa hapa kazini, mapokezi ya maabara ya kompyuta. Usicheke.

Nilikuwa namalizia maneno ya kumkumbuka marehemu mke wangu Noreen, niyasome Jumapili kanisani Somerville. Naandika kwenye ile programu yao ya kuandikia, maana bosi Whitcomb hataki nyingine humu. Wakubwa wote hapa wanaitia viraka vyao, yaani vijiprogramu walivyoviandika wenyewe.

Nimegusa kitufe, sijui kipi. Chini ya kioo cha kompyuta pakatokea: "Bonyeza kitufe kimoja."

Nikabonyeza. "Umebonyeza F. Bonyeza kingine."

KINGINE!!

Nikabonyeza mshale nipande mwanzoni, pale nilipoeleza tulivyokutana. "Umebonyeza mshale wa juu. Bonyeza kingine." Hakisogei kitu, Declan. Naona mistari mitatu ya mwisho tu.

Nikamwita Whitcomb. Ati, "Mzee Cormac, si ubonyeze cha kutokea?" Nikabonyeza mbele yake. "Umebonyeza kitufe cha kutokea. Bonyeza kingine."

Akacheka! Mbele yangu! "Lo, hicho kiraka changu cha kujaribia vitufe. Kinameza vyote, hata cha kutokea. Nilisahau kuacha mlango."

Umesahau mlango? Umesoma miaka yote hiyo, usahau mlango?

"Ulihifadhi maandishi, mzee?"

"Sikuhifadhi."

"Basi tuzime tu, uanze upya."

Tuzime tu. Daktari wa Noreen alisema hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo, mkono wake uko tayari kwenye mashine iliyokuwa ikimpumulia.

Sasa nimesimama mbele ya swichi ya kompyuta. Whitcomb ananiambia nisogee.

Sisogei, Declan.