Kahawia kwenye Kijani

Kwako Baba,

Shikamoo. Usipoitikia haidhuru, mimi nimetimiza wajibu wangu. Natumaini wewe na mama hamjambo, kwamba goti la mama limeacha kumsumbua akipanda ngazi, na kwamba gereji bado imesimama, maana mliniambia mimi ndiye niliyekuwa naibomoa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na huku kazini naitwa fundi, jina ambalo kwako nilifanya kazi hadi nikafukuzwa bila kulipata.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mama akianza kunitaja, ananiambia, unageuza mazungumzo unauliza kama nguo zimeanuliwa. Basi nimeona niandike, na nitasema yote bila kumung'unya maneno. Nina hasira nawe, baba. Naisema mapema ili usije ukafika katikati ukadhani naomba msamaha.

Unalikumbuka basi la shule. Lilikuja taa ya injini ikiwaka, halina nguvu, likiona mlima linaanza kukohoa. Mimi ndiye niliyelifungua, nikakuonyesha kwamba fungu la waya linalokwenda kwenye valvu ya kurudisha moshi lilikuwa limelalia bomba la ekzosi hadi likayeyuka. Nilitaka kuziunganisha mwenyewe, kwa kuwa umeme ndiyo kazi niliyosomea. Ukanisukuma pembeni kwa kiwiko. Ulisema waya za injini ni zako, na kwamba kama nina hamu ya kufanya kazi nikanunue valvu mpya.

Nilipoileta hiyo valvu mpya uliniambia niichomeke tu. Nikaomba nipime kwanza. Mbele ya kaka na mbele ya dereva ukasema waya ulizofunga wewe hazipimwi, na kwamba mita ni fimbo ya vipofu. Hiyo ndiyo sheria ya gereji yetu tangu nipate akili: alichofunga baba hakipimwi. Kaka alicheka sana. Nilikaza meno, nikachomeka valvu, basi likaondoka na taa yake ikiwaka vilevile. Mkasema itazimika yenyewe ikizoea.

Haikuzoea. Basi lilikwama kwenye ule mlima wa kuingia shuleni, mvua inanyesha, likiwa limejaa watoto. Wadogo walibebwa mgongoni, wakubwa walipanda kwa miguu. Mwalimu mkuu alikuja gereji na viatu vimejaa matope, akauliza ni nani aliyeshika waya za gari lake. Nilikuwa nimesimama palepale, na grisi hadi kwenye viwiko. Kaka akasema, bila hata kumeza mate, kwamba mimi nililifungua tena lile fungu ulipokwenda kula, nikavuruga kazi yako kwa kichwa changu kigumu. Nilikana. Nilikuomba ulifungue fungu uangalie mwenyewe. Wewe hukuangalia, baba. Ulinyoosha mkono tu, ukadai funguo za gereji, ukaniambia mbele ya wateja kwamba mwanamke anayetaka kushindana na baba yake atafute gereji ya baba mwingine.

Mlinivua nguo mbele za watu. Nilitembea hadi stendi na ovaroli langu, watu wananipisha kwa uchafu, nalia kama mtoto aliyenyimwa embe. Kilichoniuma si kufukuzwa. Ni kwamba ulikataa kuangalia kitu kilichokuwa hatua chache kutoka ulipokuwa umesimama. Niliondoka nikiamini kwamba hunipendi, na kwa muda mrefu sikuwa na maelezo mengine.

Hapa nilipo sasa gereji ni ndogo, paa linavuja juu ya benchi langu, na bosi ana mdomo mchafu kuliko wako. Lakini hapa kila kitu kinapimwa, hata alichofunga yeye. Siku moja nikiwa chini ya gari nikasikia honi ninayoijua. Lilikuwa basi la shule, na dereva wake ni yuleyule mnayemwita Kobe kwa jinsi anavyoendesha. Hakujua kwamba nipo. Aliponiona alitaka kurudi kinyumenyume hadi barabarani, maskini, akidhani atakuwa amenichokoza. Nikamwambia azime injini ashuke.

Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo kazi uliyonikataza kuifanya. Nilianza na valvu yenyewe, nikaipima, nzima kabisa. Nikarudi kwenye soketi yake. Zinaingia waya tano. Mbili ni za mota inayofungua na kufunga. Tatu ni za kihisio kinachoiambia kompyuta valvu imefunguka kiasi gani: mmoja unaleta volti tano, mmoja ni hasi, mmoja unarudisha jibu. Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Volti tano zipo. Penye hasi nikakuta hakuna hasi. Nikahamisha mita kwenye waya wa jibu, na hasi ilikuwa pale. Nikatoa betri, nikachomoa soketi ya kompyuta, nikafuata waya mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Waya wa hasi, uliotoka kwenye kompyuta ukiwa wa kahawia, ulifika kwenye valvu ukiwa wa kijani. Na wa kijani, ule wa jibu, ukafika wa kahawia. Kompyuta ilikuwa inauliza swali huku na kusikiliza jibu kule, na ilipoona haielewi kitu ikabana nguvu za injini. Hata ungebadilisha valvu kila wiki, taa ingeendelea kuwaka.

Nikalifungua lile fungu. Nilikuwa na hakika nitakuta mkono wa kaka. Kumbe chini ya tepu kulikuwa na uzi. Uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa na kufungwa mafundo mawili. Baba, mimi sijaona fundi mwingine anayefunga waya kwa uzi kabla ya tepu. Mama analalamika miaka yote kwamba unamwibia uzi kwenye cherehani. Vifundo vilikuwa vyako, vizuri, vimekaza, hakuna mkono mwingine uliopita pale baada yako. Kazi safi kabisa, ila umeunganisha kahawia na kijani.

Nilikaa juu ya tairi. Bosi alikuja kunitukana kwamba silipwi kwa kukaa, akauona uso wangu, akaondoka. Nilikuwa nakumbuka mambo ambayo nilikuwa nayapita tu. Unavyoichezesha bulbu kwenye vidole badala ya kuitazama. Unavyomwambia kila mteja akusomee namba ya gari lake kwa sababu eti miwani umeisahau nyumbani, na nyumbani unasema umeisahau gereji. Ile siku ulimsalimia mama kwa jina la jirani, tukacheka hadi tukashika mbavu, na wewe ukacheka kuliko sote.

Nikamuuliza Kobe kama alikuwepo ulipokuwa unafunga zile waya. Akasema alikuwa amekaa kwenye usukani muda wote. Akasema kaka alikuwa amekuinamia begani, anakutajia rangi, huu wa kahawia, huu wa kijani, huku simu iko sikioni anapiga soga na mtu anacheka. Kobe alidhani ni mchezo wenu wa baba na mwana.

Huoni, baba. Sijui ni mtoto wa jicho au ni kitu gani, mimi ni fundi wa magari. Lakini waya wa kahawia na wa kijani huzitofautishi, na ndiyo sababu siku ile hukuliangalia fungu. Ungeangalia nini? Uliogopa kuinama mbele ya mwalimu mkuu ukashindwa kusema ulichokiona, ukaona ni nafuu kunifukuza mimi. Nimelijua hilo na bado nina hasira. Ungeniambia, ningekuwa nakutajia rangi mimi, na nisingekuwa kwenye simu.

Waya nimezigeuza, nimezilehemu, nimezihamisha mbali na ekzosi. Taa imezimika na basi linapanda ule mlima. Mwalimu mkuu aliniuliza lilikuwa tatizo gani, nikamwambia waya mbili zilikuwa zimepishana. Aliniuliza ni nani aliyezipishanisha. Nikasema sijui. Ndio uongo pekee niliosema tangu nianze kazi hapa, na niliusema kwa ajili yako, kwa hiyo usinitafutie ubaya kwa huo.

Sasa aya hizi zinazofuata si zako, baba. Ni za anayekusomea.

Kaka, shikamoo. Ulidhani sijui kwamba ni wewe? Ningeweza kuipeleka barua nyumbani, mama angeisoma. Nimempa Kobe ailete gereji makusudi, kwa sababu najua baba atapapasa mifuko, atasema miwani sijui ameiacha wapi, na atakupa wewe. Nilitaka ipite mdomoni mwako. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake na ukawa unacheka na simu. Ulijua kosa ni lako kabla basi halijatoka kwenye geti letu, ukanibebesha mimi zigo, na ukamwacha mzee aamini kwamba binti yake mwenyewe alimvurugia kazi. Na bado unampa waya. Nasikia juzi mmefunga taa za breki za lori. Rangi ulizitaja wewe? Ulikuwa unaongea na nani? Basi lilikuwa linaishiwa nguvu tu. Lori likikosa taa za breki utamsingizia nani, na mimi sipo?

Mpeleke baba kwa daktari wa macho wiki hii. Mtoe kwenye waya, mpe benchi, pedi za breki, spana, mikono yake bado ni mizuri kuliko yako na yangu. Halafu umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, ni nani aliyezitaja zile rangi. Hicho ndicho ninachotaka. Funguo zenu bakini nazo.

Najua umeisoma kwanza peke yako, na najua unachofikiria sasa hivi. Unafikiria kuruka kuanzia pale penye uzi, umsomee salamu za mwisho, ukunje karatasi, useme anaendelea vizuri, anawasalimu. Unaweza, yeye hatajua. Lakini mimi nitajua, kaka. Baba huyu namfahamu. Akisikia kwamba nimeandika haoni, tena kwa maandishi, atanitafuta kwa simu ya mtu yeyote aliye karibu, na atanitukana hadi majirani zangu watoke nje. Kwa hiyo mimi simu naiweka mezani. Ikikaa kimya nitakuja mwenyewe, nisimame katikati ya gereji mchana wateja wakiwepo, na niyasome haya yote kwa sauti.

Baba, narudi kwako. Msalimie mama, mwambie uzi nitamnunulia. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Kama umeyasikia haya, nipigie unitukane. Anza na tusi lolote unalotaka, nitapokea.

Ni mimi, binti yako,
Fundi