Mchele Uliomtumia Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto, na siku mtakayoipokea barua hii Mungu awe amewaamsha salama. Kifua cha mtoto mdogo kimepona? Mimi mzima. Nashona sare za shule, nakula, nasali, nalala. Tangu tumzike mama sijatoa chozi, na watu wananisifu eti nina moyo. Si moyo. Ni kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini hausikii kitu.

Nimeandika kwa sababu simu inanishinda. Wifi alinipigia Jumanne, akaniambia umepimwa ukakutwa na kisukari, na vidonge ulivyopewa umevitupa juu ya kabati. Alipokuuliza, ukamjibu kwamba mama aliishi miaka sita kwa mchele mwekundu peke yake, na mnunuzi ulikuwa wewe, kwa hiyo nani akufundishe. Nilimwambia nitakueleza. Kisha nikarudi kwenye cherehani, nikashona kola nne.

Basi nikueleze kuhusu huo mchele. Aliyetushauri ni muuguzi wa kliniki. Alisema mchele mweupe umekobolewa hadi ganda lote limetoka, ukiula sukari inapanda mbio. Mwekundu umebaki na ganda lake, tumbo linahangaika nao, sukari inapanda taratibu. Ila uwe kikombe kimoja tu cha wali, na nusu ya sahani iwe mboga. Siku ya kwanza mama alitafuna, akatafuna, akaniuliza kama nimempikia wali au nimemchemshia mkeka. Baadaye nilijifunza kuuloweka tangu asubuhi, akauzoea. Kwenye kikundi cha sala wakakuita Bwana Gunia, maana kila gunia ulilotuma mama alilitangaza.

Na ulimfaa, sitakudanganya. Baada ya miezi minne vipimo vilitulia, daktari akampunguzia dozi. Alimpunguzia, mdogo wangu. Hakumwachisha.

Mama alikuwa akichomwa sindano ya insulini kila siku hadi mwisho, na mimi ndiye niliyemchoma. Tulifunga mlango, tukafungulia redio. Dawa ilikaa kwenye friji ndani ya kopo la siagi, ndiyo maana ulipokuja kututembelea ukataka kupaka mkate, nikakunyang'anya lile kopo. Ulinicheka, ukasema umri umenitia uchoyo.

Ilianza hivi. Vipimo vilipotulia, mama, ambaye wakati huo alijichoma mwenyewe, aliacha sindano wiki mbili bila kuniambia, akajisikia vizuri, akasimama mbele ya kikundi kushuhudia kwamba Mungu amemponya kwa chakula tu. Wiki ya tatu nilimkuta amezimia bafuni. Sindano aliirudia, tangu hapo kwa mkono wangu, lakini ushuhuda aliona aibu kuukanusha. Akaniapisha nisimwambie mtu, na hasa wewe, kwa jinsi ulivyofurahi. Nikaapa nimeshika mkono wake. Hata siku ya mazishi, uliposimama kuusifu ule mchele mbele ya watu, nilikuwa mstari wa mbele, nikaitikia amina.

Leo kiapo nimekivunja. Nilidhani nitatetemeka, sikutetemeka. Mchele kula, kikombe kimoja, na vidonge umeze kama ulivyoandikiwa. Vishushe sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii, na kesho urudi kliniki useme ukweli kwamba uliviacha. Kama mama atanilaumu, nitamjibu mwenyewe siku Mungu atakapotukutanisha. Sitaki wewe utangulie ukamweleze kwa niaba yangu.

Nisalimie wifi, usimgombeze kwa kunipigia. Watoto wabusu mmoja mmoja. Nawaombea kila alfajiri, ingawa siku hizi maneno yanatoka makavu. Naamini yanafika hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako,
niliyenyamaza